Mkuki wa Kitaguchi na Macho ya Mtandaoni

Agosti 2023, jijini Budapest, Haruka Kitaguchi alikuwa amebakiza jaribio moja tu. Flor Denis Ruiz Hurtado wa Kolombia alikuwa ameshafikisha mita 65.47. Mjapani huyo akakimbia, akajipinda, akauachia mkuki ukatua mita 66.73, akawa bingwa wa dunia. Mwaka uliofuata, Paris, mita 65.80 za jaribio la kwanza zilimpa dhahabu ya Olimpiki. Kabla yake, hakuna mwanamke wa Japani aliyewahi kuipata katika michezo ya kurusha na kuruka.

Umaarufu wake mtandaoni, hata hivyo, umebebwa sana na mambo ya pembeni: kicheko chake, machozi ya ushindi, vitafunio anavyokula akisubiri zamu yake. Mimi sioni ubaya hapo. Kicheko ni chake, na mchezo wa mkuki, ambao televisheni huupitia haraka ikikimbilia mbio, unahitaji watu wa kupendwa. Kinachonisikitisha ni kwamba kazi yenyewe haionekani. Mwaka 2019 binti huyu wa mji wa Asahikawa, Japani, alijitafutia kocha, David Sekerák, akahamia Domažlice katika Jamhuri ya Cheki na kujifunza Kicheki, maana huko ndiko kulikokuwa na ujuzi alioutaka.

Mtandao huohuo unaweza kufundisha. Julius Yego wa Kenya alijifunza mkuki kwa kutazama video za YouTube, zikiwemo za Jan Železný, Mcheki mwenye rekodi ya dunia. Mwaka 2015, Beijing, akarusha mita 92.72 na kutwaa ubingwa wa dunia. Yego alitazama miguu, bega na mkono kwa sababu alitaka kujua mkuki unaendaje mbali.

Wapo wanaotazama kwa nia nyingine kabisa. Kwa miaka mingi wanamichezo wa kike nchini Japani wamelalamikia watu wanaovuta kamera hadi kwenye sehemu za miili yao, kisha kusambaza picha hizo pamoja na maneno machafu. Novemba 2020 Kamati ya Olimpiki ya Japani na vyama vingine vya michezo vilikemea tabia hiyo hadharani. Sheria iliyoanza kutumika Julai 2023 ikafanya upigaji picha za siri za kingono kuwa kosa la jinai, lakini haikumgusa anayempiga picha mwanamichezo aliyevaa sare uwanjani.

Hoja ya wanaotetea pengo hilo ina uzito: polisi atamtofautishaje mwandishi wa habari, au baba anayempiga picha bintiye, na mdhalilishaji? Kwa kumtazama mpigaji peke yake, hawezi. Lakini picha iliyokatwa ikabaki nyonga tu, ikawekewa maneno ya matusi na kurushwa mtandaoni, imeshasema nia ya mwenyewe. Bunge la Japani lianzie hapo, kwenye usambazaji, na kampuni za mitandao zilazimishwe kuziondoa picha hizo mara mwanamichezo anapolalamika.