Mimea nayo iandikwe kwao



Natoa maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi wetu hatulifikirii, nalo ni kuandika mahali ilikotoka porini mimea tunayoipanda na kuiuza.

Hapa Mchafukoge nyumba nyingi ni za ghorofa, na shamba la mtu ni makopo na vyungu alivyovipanga barazani. Ukivuka Mnazi Mmoja kwenda Kariakoo utakuta mizizi na magome ya dawa. Muulize mwuzaji kitu hiki kimetoka wapi, mara nyingi atakujibu "porini", basi. Pori lipi? La wilaya gani? Hakuna aliyeandika.

Wako watakaosema hilo ni jambo dogo. Si dogo hata kidogo. Tuchukue mfano wa ua la urujuani la Usambara, ambalo leo limejaa madirishani Ulaya na Marekani. Lilipelekwa Ujerumani na Baron Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa kikoloni huko Tanga, na mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akalitangaza kwa jina la Saintpaulia, kwa heshima ya ukoo wa huyo Baron. Aina zake zilichanganywa muda mrefu. Katika miaka ya 1950 mtaalamu B. L. Burtt alipozichambua upya, moja aliipa jina la Kilatini la confusa, maana yake iliyochanganywa. Mengi yanayouzwa sasa ni machotara. Tena jani moja tu likichomekwa udongoni huota mmea mzima, hivyo ua husafiri nyumba hadi nyumba, lakini habari zake hubaki nyuma.

Hasara yake ni nini? Misitu ya Usambara na Uluguru ambamo maua haya humea imepungua sana. Siku ua la bonde fulani likitoweka, vyungu vyote vya ughaibuni havitatusaidia, maana ua lisilojulikana kwao halina pa kurudishwa. Linganisheni na vyura wa Kihansi. Mwaka 2000, baada ya maji ya maporomoko kupunguzwa kwa ajili ya umeme, vyura wapatao 500 walipelekwa Marekani. Mwaka 2009 ilitangazwa kuwa porini hawapo tena. Lakini kwao palijulikana na kuandikwa, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa kwenye korongo lao.

Hata wakuzaji wa mimea inayonasa na kula wadudu, ambayo baadhi yake humea nchini mwetu penye majimaji, wengi wao huko Ulaya huandika kwenye kibao mlima au bonde ulikotoka kila mmea. Kama wao wanaweza kwa kujifurahisha tu, sisi wenye mali tunashindwaje?

Kwa maoni yangu, bustani za umma, shule na wauza miche wawe na daftari lenye mambo manne: jina la mmea, mahali ulipochukuliwa, tarehe, na aliyeuchukua. Kila mmea upewe namba, na anayepewa kipande apewe na namba yake. Pale asili isipojulikana, iandikwe "haijulikani". Kubahatisha ni kudanganya wajukuu. Nakala ziwekwe pia kwa wataalamu, kwani daftari moja huweza kuungua. Machi 1943 mabomu yaliteketeza sehemu kubwa ya mimea iliyokaushwa huko Berlin, ikiwamo mingi iliyochukuliwa Tanganyika.

Najua wengine watahofu kwamba tukitaja mahali tutawaelekeza wezi wa mimea. Hofu hiyo ni ya haki. Basi kibao cha bustanini kitaje mkoa tu, na mahali penyewe pabaki katika daftari la wataalamu. Wala sisemi watu wakang'oe mimea msituni. Ichukuliwe mbegu au kipande kwa kibali, mmea mama ubaki.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Tunaandika ng'ombe, tunaandika hata viwanja. Wahusika wasingoje mpaka msitu uishe ndipo watafute kalamu.

Mpenda Miti,
Mchafukoge,
Dar es Salaam.