Umri wa Gari Si Moshi Wake

Katika mijadala yetu ya kodi na mazingira, neno "chakavu" limebebeshwa mzigo usio wake. Tukisema gari chakavu, tunamaanisha gari la zamani; na tukisema gari la zamani, tunamaanisha gari linalochafua hewa. Hoja yangu ni kwamba mambo haya hayafuatani, na kwamba sera iliyojengwa juu ya mkanganyiko huu humtoza asiye na kosa na kumwachia mkosaji apite akifuka moshi.

Nitumie mfano wa gari ambalo wengi wa wasomaji wangu hawatalimiliki kamwe: MGB, gari dogo la michezo la Kiingereza lililoundwa kuanzia mwaka 1962 hadi 1980. Magari ya rika lake hayajatoweka Afrika Mashariki. Jijini Nairobi yana mashindano yake ya urembo na matunzo, Concours d'Elegance, yaliyoanza mwaka 1970. Hayo si mashindano ya mbio. Kinachopimwa ni namna mwenye gari alivyolitunza.

MGB halina kompyuta. Cheche inayowasha petroli ndani ya silinda lazima iruke nyuzi chache kabla pistoni haijafika juu kabisa, ili mlipuko uisukume chini kwa wakati wake. Wakati huo hupangwa na distribyuta, na ndani yake mna pointi mbili ndogo zinazoachana kwa nafasi ya karibu milimita 0.4. Pointi hizo zikilika, nafasi hupungua na cheche huchelewa. Gari hupoteza nguvu, hula mafuta mengi na kuchemsha ekzosi. Cheche ikiwahi mno, injini hugonga na gesi za naitrojeni huongezeka. Ikikosekana kabisa, petroli hutoka mbichi hewani. Mafundi wetu huiita kazi ya kurekebisha hali hii kutega taimingi. Vifaa vyake ni bisibisi, spana, kipimo cha bati na taa ya taimingi, pamoja na saa moja ya uangalifu. Gari la miaka 50 lililotegwa vizuri, lenye plagi safi na kabureta lililorekebishwa, halitakuwa safi kama gari jipya, lakini litakuwa safi kuliko lilivyokuwa jana yake. Hilo ndilo tunaloweza kumdai mwenye gari yeyote.

Historia ya gari hili inatufundisha jambo la pili. Marekani ilipokaza sheria za moshi wa magari, MGB zilizouzwa huko zilifungwa pampu ya kupuliza hewa kwenye njia ya ekzosi ili mabaki ya petroli yaungulie humo, na baadaye masega, yaani kile chombo chenye vitundu kama sega la nyuki kinachogeuza gesi za sumu kuwa gesi zisizodhuru sana. Wapenzi wengi wa magari walichukia vifaa hivyo kwa sababu vilipunguza kasi, na mahali ambapo hakuna aliyekagua, vilifunguliwa na kutupwa. Lakini jimboni California, gari la mwaka 1976 bado linapimwa moshi hadi leo, na pampu yake lazima iwepo. Gari lilelile, umri uleule: sehemu moja lina vifaa vyake, sehemu nyingine halina. Tofauti ni kwamba kuna mahali ambapo dola hutazama ekzosi, na kuna mahali ambapo haitazami.

Sisi tunatazama nini? Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri unaozidi miaka 8. Tanzania haikatazi, bali hutoza ushuru wa ziada kadiri gari lililotumika linavyozeeka. Shabaha yake inaeleweka. Lakini gari likishavuka bandari na kulipiwa, masega yake huwa mali ya soko. Ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ghali, na wapo wanunuzi wanaotangaza waziwazi kwamba wananunua masega ya magari. Fundi mmoja mjini Tunduma aliniambia bila kuficha: "Mwalimu, masega yakiziba, mteja hataki kusikia bei ya mapya. Anataka gari liondoke." Basi hukatwa, pakachomelewa bomba tupu, na gari la miaka 7 lililosamehewa ushuru wa umri likaanza kutoa hewa chafu kuliko lilivyokusudiwa na aliyeliunda.

Tulipokuwa na petroli yenye risasi, tulikuwa na kisingizio, kwa maana risasi huyaua masega. Kisingizio hicho kilikwisha mwanzoni mwa mwaka 2006, nchi za Afrika Kusini mwa Sahara zilipoachana na petroli hiyo kufuatia Azimio la Dakar la mwaka 2001. Dizeli nayo ilisafishwa mwaka 2015, nchi za Afrika Mashariki zilipokubaliana kiwango cha salfa kisichozidi sehemu 50 kwa milioni. Tumenunua mafuta safi kwa gharama kubwa, kisha tunayachoma katika injini zisizotunzwa.

Ninaandika haya nikiwa Ibaba, kata ya milimani wilayani Ileje, mkoani Songwe. Huku si Dar es Salaam. Hakuna foleni, na mtu anaweza kudhani kwamba suala la moshi halituhusu. Linatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, kila unapopanda mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, kanieneo ya hewa hupungua kwa takribani sehemu moja ya kumi. Kabureta lililopangwa pwani hulisha petroli nyingi mno milimani, na pikipiki au gari la zamani hutoa moshi mweusi ambao ni fedha inayoungua. Pili, fedha hiyo hulipwa na abiria. Mkulima anayeshusha mazao yake analipia katika nauli mafuta ambayo hayakumsogeza hata hatua moja. Na kule Tunduma, ambako malori hupanga foleni kuelekea Zambia, mama lishe na mtoto wake hulipa kwa mapafu.

Wapo watakaonipinga kwa hoja nzito. Watasema umri husomeka kwenye karatasi, hauhitaji mashine wala hauhongeki kwa urahisi, ilhali kipimo cha moshi kinahitaji mtaalamu mwaminifu barabarani. Ni kweli. Lakini karatasi husomwa mara moja tu bandarini, na gari huishi nasi miaka 20 zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira tunayo tangu mwaka 2004, na kanuni za viwango vya ubora wa hewa tunazo tangu mwaka 2007. Tunachokosa ni mazoea ya kupima.

Napendekeza tuanze na wenye uwezo. Magari ya Serikali yanayohudumiwa na TEMESA yapimwe gesi za ekzosi kila mwaka, na matokeo yabandikwe mahali wananchi wanapoweza kuyasoma. Mtumishi wa umma anayesoma hapa anaweza kuuliza kesho asubuhi kama gari analopanda lina masega yake. Biashara ya masega yaliyotumika iwe na leseni na daftari la kuonyesha kila kimoja kilitoka gari gani. Na fundi aliyefundishwa kupima moshi apewe cheti chenye thamani, ili kutega taimingi na kutunza masega iwe kazi inayolipa kuliko kuyakata.

Baada ya hapo ndipo tuzungumze ushuru: anayethibitisha kila mwaka kwamba gari lake, liwe la mwaka 1970 au 2020, liko ndani ya kiwango, apunguziwe, anayeshindwa, aongezewe. Kodi ya namna hiyo humpa mwananchi sababu ya kushika spana. Kodi ya umri haimpi sababu yoyote, kwa kuwa hakuna fundi awezaye kuurudisha nyuma mwaka ambao gari liliundwa.