Usimkemee Mtoto wa Mchuma Chai



Kabla hujaendelea, fungua Ruthu sura ya 2 uisome yote. Ni fupi, matatu haitakuwa imetoka hata stage.

Umeona kazi ya yule mwanamke? Ametoka Moabu, hana shamba, anaokota masuke nyuma ya wavunaji kwenye shamba la mwenyewe. Sisi hupenda kumhubiri Ruthu kwa harusi, tunakimbilia sura ya 4 kwenye ndoa. Lakini hapa kwa sura ya 2 ni mgeni anayetafuta riziki shambani. Na watoto wa watu kama yeye huketi kwa viti vya nyuma kila Jumapili, Kibera na Kawangware.

Unawajua. Mama anachuma chai Kericho, au yuko kwa maua Naivasha na amepanga chumba Karagita. Kwao kwa asili ni Kisii ama Vihiga, lakini mtoto alizaliwa na kukulia kule kazini. Akafanya KCSE, akaitwa chuo Nairobi. Hosteli ikamshinda bei, akatafuta chumba Gatwekera au Gatina, ama akaenda kwa shangazi, watu sita kwa chumba kimoja, na kitabu anakisoma wengine wakilala.

Nataka kukiri jambo. Binti mmoja wa hapa kwetu, ambaye mama yake ni mchuma chai, alikuja ofisini kuniomba pesa ya unga. Nilijua pesa za matumizi za mkopo wake zilikuwa zimeingia wiki mbili tu zilizopita. Nikamuuliza zimeenda wapi. Akanyamaza. Halafu akasema alimtumia mama sehemu kubwa, kwa sababu mdogo wake alirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Mpendwa, nilimkemea. Nilimwambia mkopo ni wa masomo, na kwamba ni yeye atakayeulipa. Hata nikamtolea mstari wa Mithali. Akasema asante, Pastor, akaondoka bila unga.

Hakuonekana kanisani wiki sita. Mama mmoja wa ushirika wa nyumbani alimkuta akifulia watu nguo Kawangware, siku ambayo wenzake walikuwa kwa mtihani.

Ndipo nikarudi kwa sura ambayo nimehubiri sijui mara ngapi. Mstari wa 18: Ruthu alipeleka nyumbani alichookota, na chakula alichobakisha baada ya kushiba akampa mama mkwe wake. Boazi hakumwuliza mbona amebeba. Mstari wa 15 na 16 anawaagiza vijana wake wamwachulie masuke kwa makusudi kutoka kwa miganda, na wasimkemee. Kukemea ndiko nilikofanya mimi, na Biblia iko mezani.

Najua kuna atakayesema, Pastor unafundisha vijana kula mkopo. Hapana. Deni la HELB hulipwa, tena na riba, na sheria hiyo iko tangu 1995. Binti akituma yote nyumbani, hasomi. Lakini huwezi kumwambia mtoto afunge moyo wakati mama yake analala njaa. Angalia mstari wa 14, maana huo ndio unanisumbua: Boazi alimketisha Ruthu ale na wavunaji mpaka ashibe, na ndipo akabakiwa na kitu cha kumpelekea Naomi. Sahani ilitangulia.

Sisi tunajua harambee. Kijana akipata barua ya chuo tunapiga keyboard, bahasha zinapita, picha zinapigwa. Muhula wa pili hakuna anayeuliza amekula nini. Niliowaona mimi wakiacha chuo, wengi waliacha wakati huo, kimya kimya.

Kisha kuna makaratasi. Fomu ya basari inataka wadi, lokesheni na muhuri wa chifu. Chifu wa kule kwa chai anamwuliza, kwenu ni wapi? Chifu wa kwao hajawahi kumwona. Na tangu 2023 serikali imekuwa ikipima uwezo wa familia na kuwaweka wanafunzi kwa bendi, mpango ambao umepingwa hata mahakamani. Kijana anajaza maswali hayo peke yake usiku, kwa simu ya kioo kilichopasuka. Nyumba waliyokulia ina stima, ndiyo, lakini ni ya mwajiri. Mama akiachishwa kazi anatoka na godoro. Akipangwa bendi isiyomfaa anaweza kuomba ichunguzwe upya, ila nani amemwambia? Humu kanisani tuna walimu, tuna makarani, tuna waliomaliza kulipa HELB. Keti naye saa moja tu.

Na chuo kikifungwa anaenda wapi? Kericho mashine za kuchuma chai zimechukua kazi ya mikono mingi. Mwaka 2023 hasira ilifika mpaka mashine zikachomwa. Kazi ikiisha, nyumba imeisha. Kwa hiyo tukimwambia aende likizo nyumbani, tujue tunamwambia aende wapi.

Yule binti nilimtafuta, nikamwomba msamaha mbele ya yule mama. Alisema si neno, Pastor. Amerudi chuo. Lakini bado anaketi karibu na mlango.

Naomba hivi. Nahitaji nyumba ambazo mwanafunzi mmoja atakula chakula cha jioni mara tatu kwa wiki mpaka muhula uishe. Kile mnachokula nyinyi, hata kama ni sukuma na ugali. Usimhubirie mezani. Nahitaji pia watu wawili wanaozijua fomu, Jumamosi saa nane, ukumbi wa watoto. Kama uko Makina, Lindi, Gatina ama Congo, niandikie inboksi leo na useme sahani ni ngapi.