NI NANI ALIFUNGULIA IMBWA MLANGO?



Mwezi uliopita mwalimu wetu wa Kiingereza aliandika kwenye ubao wa kalasi ya mwaka wa mwisho misemo sita ya Waingereza. Yote ilikuwa ya kusema kama kitu kinaharibika ao kimekwisha kuharibika. Hatukujua kwamba misemo sita inaweza kuenea katika enternati kwa haraka kuliko chawa. Mangaribi ile ile maharagi yaliungua kidogo, na meza nzima ikasema: «The beans have gone to the dogs.» Pompi ya maji ikikohoa: «It is on its last legs.» Siku ya tatu mtu akatwaa kaa na kuandika kwenye mlango wa chumba cha kulala: «This school is going to dogs.»

Sisi tulio kapita tuliagizwa kumtafuta huyo mwandishi. Hatukumpata. Lakini katika kutafuta tulipata mambo mawili, na njo yale tunataka kusema hapa.

Jambo la kwanza: yule ndugu alikosa Kiingereza. Muingereza anasema «to the dogs», na lile neno dogo «the» halitoki. Tena imbwa ni lazima wawe wengi. Msemo ni kama kufuli: ukiondoa kipande kimoja haifungi tena. Wafinaliste, mukumbuke kwamba siku ya langues ya Examen d'Etat tutaulizwa Kiingereza pia, na mwenye kusahihisha hatasikia huruma juu ya hasira yetu. Basi tujifunze vizuri. Wengi wanaeleza kama chakula kisichofaa tena kwa watu kilitupiwa imbwa, na ni vile msemo ulizaliwa. «On its last legs» ni kama nyama mzee anayesimama bado, lakini kwa nguvu za mwisho. «Rack and ruin» ni kusema uharibifu mara mbili, kwa sababu «rack» ya hapa ni ndugu ya neno la kuvunjika kwa mashua. «Down the drain» ni maji yaliyoingia katika mfereji: hayarudi. «Downhill» ni kushuka mlima, ni kusema hali inazidi kuwa mbaya. Lakini angalia mtego: Muingereza akisema kazi iliyobaki ni «downhill», pengine anataka kusema kwamba sasa ni rahisi! Unapaswa kusoma mstari wote mbele ya kujibu.

Wa sita ni «to go to seed», na huu mama zetu wanaujua bila kusoma Kiingereza. Lengalenga ukiiacha bila kuchuma, inapanda juu, inatoa maua na mbegu, na majani yanakuwa magumu. Haifai tena kwa chungu. Tutaurudilia mwishoni.

Jambo la pili ni kubwa kuliko la kwanza. Angalieni misemo hii yote sita. Kitu kinakwenda kwa imbwa. Kitu kinashuka mlima. Kitu kinaingia katika mfereji. Ni kitu chenyewe kinatembea! Hakuna mtu ndani. Hakuna mkono. Njo maana misemo hii ni mitamu sana kwa kinywa cha mwanafunzi: unalia juu ya uharibifu, na hakuna anayekuuliza wewe ulikuwa wapi. Tusiwahukumu Waingereza peke yao. Sisi pia tunasema «radio imekufa», «kiti kimevunjika», kama vile kiti kiliamka asubui na kujivunja.

Chinua Achebe wa Nigeria alitoa kitabu chake kikubwa katika mwaka 1958, na kichwa chake alikitwaa katika shairi la Yeats wa Ireland: Things Fall Apart, ndiyo kusema mambo yanaanguka vipande vipande. Katika Kifaransa walikiita Le monde s'effondre: sasa ni dunia nzima inayobomoka. Lakini katika Kiswahili walikiita Shujaa Okonkwo. Waliacha uharibifu, wakaweka jina la mtu. Mwenye kusoma kile kitabu anajua kwamba mambo yale hayakuanguka yenyewe. Kuna wageni waliokuja, kuna wenyeji waliogawanyika, kuna Okonkwo mwenyewe na hasira yake.

Sasa tuseme kosa letu. Mwanzo wa mwaka huu tulipewa kazi ya kuandika raporo juu ya biblioteki. Tuliandika mstari mmoja tu: «Biblioteki imekwisha.» Tuliona ni mstari mzuri, wenye nguvu. Bwana Prefe akausoma, akavua miwani, akauliza:

— Kapita, bitabu biko na miguu?

— Hapana, Bwana Prefe.

— Basi ni nani alibibeba?

Hatukuwa na jibu. Hatukuwa hata tumehesabu. Akaturudishia karatasi bila kukasirika, na ile ilituuma kuliko fimbo. Tukaenda kuhesabu, siku mbili, buku la kuandikia mkononi. Vitabu 23 vilikosekana. Tukapita kitanda kwa kitanda. Vitabu 9 vilikuwa ndani ya masanduku ya wanafunzi, vingine toka mwaka uliotangulia. Kimoja cha jeografia kilikuwa chini ya nguo katika sanduku letu sisi wenyewe tunaoandika hapa. Tulikuwa tumesahau. Ao tuseme kweli: tulikuwa tumeacha kukumbuka.

Kwa hiyo biblioteki haikuwa imekwisha. Sehemu yake ilikuwa imelala chini ya vitanda vyetu.

Tunajua kuna watakaosema: «Kapita anatetea wakubwa. Je, bati zinazovuja ni sisi tulizitoboa? Minerval tunalipa, inaenda wapi?» Ndugu, ulizo lenu ni la haki, na hatutaki kulifunika. Si uharibifu wote unatoka kwa mwanafunzi. Kuna wazazi walioshindwa kulipa, kuna mshahara wa walimu unaochelewa, kuna mvua na kutu. Lakini hapo njo tunapaswa kuacha imbwa kabisa. Ukimwambia mkubwa «masomo yameharibika», ataona ni matusi, atatafuta makaa mkononi mwako. Ukimwambia «bati tatu zimetoboka juu ya vitanda vya wadogo wa mwaka wa kwanza, na usiku wa mvua watoto wanne wanalala wamekaa», atajibu nini? Ile haifutiki kwa kitambaa. Neno kubwa linamsaidia mwenye kosa kujificha, awe mwanafunzi ao mkubwa. Neno dogo lenye hesabu linamtoa inje.

Hatukatazi mtu kusema Kiingereza. Tunaomba hivi tu: ukitaka kusema kitu kimeharibika, sema ni kitu gani, sema ni nani ama ni nini kilikiharibu, kiisha sema wewe utafanya nini. Ukishindwa kusema yale matatu, funga kinywa kwanza, uende kuhesabu. Wazee walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Angalieni, wazee hawakusema ufa ulikwenda kwa imbwa. Walisema wewe.

Na ule mlango wenyewe ulioandikwa kwa makaa? Umelegea bawaba ya juu. Tumeuliza, na tunajua sababu: kila mangaribi wadogo wanauning'inia kama bembea, na sisi wakubwa tunacheka.

Turudie lengalenga. Mama akikuta imetoa mbegu hakai chini kulia. Anakung'uta mbegu katika kitambaa, anang'oa shina, anapanda upya. Msemo wa Waingereza unasimama kwa majani magumu. Mama anaendelea mbele kidogo.

Siku ya posho, kiisha kufagia, tutatengeneza bawaba ya ule mlango. Tuko na misumari. Nyundo hatuna. Mwenye nyundo kwao alete. Wenye vitabu 14 vinavyobaki wanaweza kuviweka usiku mbele ya mlango wa biblioteki. Hatutauliza jina. Na yule mwandishi wa makaa aje na kitambaa chenye maji. Tutamfundisha pahali pa kuweka «the».

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho