Tumtafutie Chumba Mama Aliyefiwa na Kichanga

Ninaomba jambo moja. Kila hospitali na kituo cha afya kinachozalisha kitenge mahali pa kumlaza mama aliyepoteza mtoto, iwe mimba imetoka, mtoto amefia tumboni au amefariki siku chache baada ya kuzaliwa. Siombi jengo jipya. Chumba kimoja kinatosha, au hata kona yenye pazia, mbali na wanaonyonyesha.

Hali ilivyo sasa wengi mnaijua. Mama anatoka leba mikono mitupu, analazwa wodi ileile na waliojifungua salama, pengine kitanda kimoja na mwenzake mwenye mtoto. Usiku kucha anasikia vichanga vikilia. Baada ya siku mbili tatu maziwa yanajaa, matiti yanawaka moto, naye hakuna aliyemwambia kwamba maziwa huja hata mtoto akiwa hayupo, wala afanye nini yakija. Zamu ikibadilika, nesi mpya anapita kitanda kwa kitanda: "Mama, mtoto amenyonya?" Na swali hilo inabidi alijibu wodi nzima ikisikia.

Simlaumu nesi. Anahudumia kinamama wengi kwa wakati mmoja, na hakuna kilichomwonyesha kwamba kitanda hiki kina msiba. Alama ndogo juu ya faili, inayojulikana na kila mhudumu hadi mfanya usafi, ingewaepusha wote wawili na maumivu hayo.

Msidhani ni jambo la wachache. Duniani, kila mwaka watoto wapatao milioni 1.9 huzaliwa wakiwa wamekufa baada ya mimba kufikisha wiki 28. Hapa Tanzania, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 24 hufariki kabla ya kutimiza mwezi. Mimba zinazotoka mapema hazimo katika hesabu hizo. Ni ukoo gani haujaguswa? Lakini kwa kuwa aghalabu mtoto huyu hawekewi matanga, tunamwambia mama "utapata mwingine", kisha tunaendelea na shughuli zetu.

Lipo na suala la kumuaga mtoto. Wazazi waulizwe, kwa upole na bila kuharakishwa, kama wanataka kumwona, kumshika, kumpa jina. Watakaokataa, kwa mila, kwa dini au kwa uchungu tu, waachwe. Ninachokipinga ni kutowauliza kabisa: mtoto anaviringishwa kwenye kanga, anakabidhiwa shangazi au bibi, anazikwa mama akiwa bado amelazwa. Naye baba yuko nje ya geti anasubiri saa ya kuona wagonjwa, kana kwamba hakufiwa. Aruhusiwe kuingia.

Kwa Tanzania Bara njia ya kulifanya hili ipo. Zahanati na vituo vya afya vina kamati za usimamizi zenye wawakilishi wa wananchi, na tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya hupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za vituo. Kamati ndiyo inayopitia mpango na bajeti ya kituo. Pazia, godoro na siku moja ya mafunzo kwa wahudumu si mzigo wa kuishinda bajeti hiyo. Ikikwama, mafundi wapo, vikoba vipo, misikiti na makanisa yapo. Wanaume wenzangu, tusiwaachie kinamama peke yao kulisemea hili.

Kwa walioajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 zaidi za likizo yenye malipo iwapo mtoto wake atafariki ndani ya mwaka mmoja tangu kuzaliwa. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi, itangazeni haki hii kabla msiba haujafika. Aliyefiwa hana nguvu za kuanza kuisaka.

Mkutano mkuu wa kijiji kisheria hukaa kila miezi mitatu. Unaofuata, nenda, simama, uliza: kwenye kituo chetu, mama aliyefiwa na mtoto hulazwa wapi? Na usikae mpaka jibu liandikwe kwenye muhtasari.