Mjomba kapunguza mafuta, nani kala akiba yake?

Makamanda, leo siandiki kuhusu tume ya uchaguzi wala Katiba mpya. Naandika kuhusu petroli. Nivumilieni, siasa tutaifikia.

Niko likizo nyumbani Dumila. Mjomba wangu anaendesha mchomoko, IST ya zamani. Alfajiri anapakia abiria pale njia panda ya Kilosa, anapita Magole na Dakawa, anashusha Msamvu, halafu anashinda Morogoro mjini akitafuta vichwa. Jioni anarudi. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye hiyo IST, kwa hiyo ikinywa mafuta vibaya, hata mimi naumia.

Wiki mbili nilikaa naye siti ya mbele na daftari. Tuligundua kwamba barabara kuu haimmalizi, kinachommaliza ni mjini. Gari ndogo ikisimama inaunguruma tu inaweza kuchoma hadi lita moja kwa saa, na AC ikiwaka inazidi. Mjomba alikuwa anasubiri abiria Msamvu injini ikiwa imewashwa. Sasa akijua atakaa zaidi ya dakika moja, anazima.

La pili ni mguu. Mjini tunakanyaga mafuta kwa nguvu, mita hamsini mbele tunakanyaga breki kwa sababu ya tuta au bodaboda. Kila breki ni mafuta uliyokwisha kuyalipia, yanaishia kuwa joto la breki. Ukiona taa nyekundu au tuta kwa mbali, ondoa mguu mapema, gari ijiendee ikiwa kwenye gia. Usiweke nyutro. Injini nyingi za kisasa zinakata mafuta zenyewe ukiachia pedeli gari ikiwa kwenye gia, lakini nyutro zinaendelea kunywa, na kwenye mteremko utakosa msaada wa injini kupunguza mwendo.

La tatu ni vitu vidogo: upepo wa matairi upimwe asubuhi yakiwa ya baridi, keria tupu ishushwe juu ya gari, tairi la ziada bovu na vyuma vya buti vitoke, ea klina isafishwe, plagi zilizochoka zibadilishwe.

Matokeo? Alikuwa anatumia lita 15 kwa siku, sasa ni 13 na nusu. Mjomba alicheka: "Kumbe mwanasheria unajua na ufundi!"

Sasa siasa. Tuchukue bei ya shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi. Mjomba ameokoa shilingi 4,500 kwa siku. Lakini bajeti ya 2021 iliongeza shilingi 100 kwenye kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara. Bajeti ya 2023 ikaongeza 100 nyingine kwa ajili ya miradi ya kimkakati. Kwenye lita 13 na nusu, nyongeza hizo mbili tu ni shilingi 2,700 kila siku. Yaani zaidi ya nusu ya alichookoa kwa kuzima injini na kulainisha mguu ni sawa na kile anachotoa kwa nyongeza hizo.

Sisemi kila tozo ni wizi. Barabara hazijengwi kwa maneno. Lakini Ibara ya 138 ya Katiba iko wazi: kodi haitozwi ila kwa sheria ya Bunge. Maana yake kila shilingi iliyopandishwa kwenye lita ina wabunge waliosema "ndiyo". EWURA inatangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi na watu wanaitukana EWURA, wakati waliopiga kura ya tozo wanapita barabarani wakitupungia mkono.

Na wanapita na nini? Juzi mjini Morogoro niliona mashangingi ya serikali yamepangana nje ya ukumbi mmoja, injini zinaunguruma, AC inapuliza, madereva wamelala ndani. Saa nzima. Mafuta yale analipia mjomba. Anayezima IST yake Msamvu ili abakize mia mbili tatu ana haki ya kuuliza kwa nini V8 haizimwi.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, kila mwenye gari au bodaboda aanze daftari: lita, kilomita, shilingi. Punguza unachoweza kupunguza, hiyo ni pesa yako. Pili, mbunge au diwani akija kwenye mkutano, usimpigie kelele za "maisha magumu". Fungua daftari, msomee tozo uliyolipa mwezi ule, umuulize imejenga barabara ipi hapa Dumila.

Kelele wamezizoea. Hesabu bado.