Kidole Chako Si Karo ya Kujifunza Useremala

Leo sitaongea polepole.

Wiki jana niliweka video ya karakana ya khocha wangu hapa Kitale, akipasua mbao za kabati. Komenti iliyopata laiki nyingi ilisema fundi mwenye vidole kumi bado hajaanza kazi. Mlicheka. Hata mimi nilicheka. Halafu nikairudia video, nikamwona kijana anayepokea mbao upande wa pili, mdogo kuniliko, bledi inazunguka karibu na mkono wake bila kifuniko chochote. Nikaacha kucheka.

Tumeufanya ufundi kama vita, ukirudi mzima basi hukupigana. Ingia jua kali yoyote kutoka Kitale hadi Kanduyi, uliza kuhusu kidole kilichokosekana, utaambiwa ni ajali ya kazi. Hapana. Ajali ni radi. Mashine ambayo haijafunguliwa kusafishwa tangu Krismasi, hiyo ni ratiba.

Mi niliacha kampasi mwaka wa pili, kwa hivyo msiniletee mambo ya vyeti. Haya nimeyajua kwa kushinda hapo karakana nikishika brashi.

Wote mnajua ile harufu ya mbao kuungua, na alama nyeusi kwa ukingo. Fundi atasema mbao ni mbichi. Inaweza kuwa kweli, lakini angalia meno kwanza: yamejaa utomvu, ama yameisha makali. Bledi butu haikati, inasugua. Unaanza kusukuma kwa nguvu, mbao inaachilia ghafla, na mkono unafuata. Watu wanaogopa bledi kali, mimi naogopa butu. Chomoa plagi, toa bledi, iloweke kwa maji vuguvugu na sabuni kama dakika 15, sugua, kausha vizuri isishike kutu. Ikiwa na ufa ama jino limeng'oka, usiirudishe kwa mashine.

Halafu kuna fensi, ile chuma ya pembeni inayoongoza mbao. Hii ndiyo hunitisha kabisa, na hakuna mtu huiangalia. Bado plagi imechomolewa, chagua jino moja, pima kutoka hapo hadi fensi likiwa mbele, zungusha bledi kwa mkono hadi jino lifike nyuma, pima tena. Vipimo viwe sawa. Nyuma pakiwa pamebana, mbao inasukumwa kwa meno yanayopanda juu, yanainyanyua na kukurushia tumboni. Mkaratusi ndio mkorofi zaidi, kwa sababu mti wenyewe umejikaza ndani. Ukiupasua unajifunga nyuma ya bledi. Ndiyo maana mashine za dukani huja na kibati chembamba nyuma ya bledi cha kuzuia hiyo. Hizi zetu za kuchomelewa mtaani mara nyingi hazina. Na mwenye nacho anakitoa, ati kinasumbua.

Sasa stima. Inapotea katikati ya kazi, watu wanaenda chai, swichi inabaki imewashwa. Inarudi, na mashine inaanza yenyewe. Kijana niliyesoma naye Bungoma alikuwa ameinama akitoa maranda kwa bledi wakati huo. Vidole viwili. Bosi alilipa hospitali siku ya kwanza, akamletea soda, na simu haikushikwa tena. Kuna swichi ambazo stima ikipotea zinajizima na hazijiwashi hadi uzibonyeze. Huna? Zima ukutani kila mara stima ikienda, hiyo ni bure.

Hapa ndipo wenye karakana mtaniblokia. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka sehemu hatari za mashine zifunikwe. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka huo huo inamtaka mwajiri awe na bima, na inamhesabu hata mwanagenzi. Ina jedwali la vidole na asilimia ya ulemavu wa kila kimoja. Yaani serikali ilishahesabu vidole vyako kitambo, na bosi hata hajui ana deni.

Najua jibu lenu: pesa hakuna. Kuna mashine za Marekani, SawStop, bledi ikigusa ngozi inasimama kabla hujapepesa jicho. Hiyo sikuombi, bei yake tusiongelee. Lakini brashi ya kutoa vumbi kwa mota isichemke ni shilingi ngapi? Mshumaa wa kusugua meza mbao iteleze bila kulazimishwa? Kijiti cha kusukumia mbao unakikata kwa mabaki yaliyo chini ya miguu yako! Unanunua taa ya kuchukulia video za kabati, halafu unaniambia kuhusu pesa?

Khocha alinikasirikia siku mbili. Akasema amefanya hii kazi kabla sijazaliwa, na ni kweli. Jumamosi nikampata amechuchumaa na rula, anapima fensi. Nyuma ilikuwa imebana milimita tatu. Hakusema kitu, akaitisha spana. Yule kijana ndiye aliyemletea.

Kesho tunachomelea kifuniko cha bledi. Video nitaweka, na wale wa vidole kumi mje mkomenti tena.